Gitaa Jekundu la Karibu na Kioo

Jumamosi, 5 Agosti

Nafasi! Mungu amenikumbuka!

Kaka Ekow, mpiga gitaa wa bendi ya vijana kanisani kwetu, amepata chuo Kumasi. Kaondoka leo asubuhi na gitaa lake mgongoni. Watu wamelia. Mimi pia nimelia, kwa furaha, lakini machozi hayana rangi, hakuna aliyejua.

Maelezo kidogo, ili nikija kusoma haya nikiwa mtu maarufu nisijisahau. Mimi ni Ato Quaicoe wa Takoradi, miaka kumi na sita. Nina aibu. Si ile aibu ya kupendeza, ya kutazama chini na kutabasamu. Yangu ni ya jasho. Shuleni tumesomeshwa kwa Kifante na kwa Kiingereza; wenzangu wamepata lugha mbili za kuongea, mimi nimepata lugha mbili za kunyamaza.

Sasa, kanisani kwetu, Sikukuu ya Mavuno, kijana asiye na kazi maalumu lazima asimame mbele ya watu wote aseme aya ya Biblia kwa kichwa. Mwaka jana Anti Araba, mwalimu wetu wa vijana, alinihurumia akanipa aya fupi kuliko zote katika Biblia nzima. Nikaisahau. Nilisimama pale na maikrofoni mdomoni, nikipumua. Watu wa viti vya nyuma walidhani mitambo imeharibika. Mjomba Kwamena, mwenye spika, alikuja mbele akatikisa waya.

Anayesamehewa aya ni mwanabendi tu. Wanabendi wana vitu vya kushika. Na gitaa, hasa, ni ukuta unaovaliwa kifuani.

Mzee Bentsil, kiongozi wa bendi, ametangaza: mwenye gitaa lake la umeme aje mazoezini Jumatano ya tarehe 16. Atakayefaa ndiye atakayepiga siku ya Mavuno, tarehe 20, pale watu wanapotoa sadaka kwa siku za juma walizozaliwa, wa Jumatatu wakianza, kila kundi likicheza hadi mezani. Bila gitaa, alisema, watu hawachezi, wanatembea. Na mtu anayetembea hutoa kidogo.

Sina gitaa. Sijawahi kushika gitaa. Ila nimepiga ufagio mbele ya televisheni kwa miaka miwili, mlango umefungwa, nikiwaiga mabingwa bila kukosea. Shingo ya gitaa lao ikielekea dirishani, mpini wa ufagio wangu nao dirishani. Wakigeukia kabatini, nami kabatini. Sijakosea hata mara moja.

Ekua Baaba anaimba sauti ya pili kwenye bendi hiyo. Sitaandika zaidi kuhusu Ekua Baaba. Jasho limeanza.

Jumatatu, 7 Agosti

Nina adui. Ni Jojo Essilfie, jirani yetu wa ukuta mmoja. Baba yake yuko bandarini, kwa hiyo Jojo anapata vitu vikiwa bado kwenye maboksi. Leo kapanda juu ya pipa lao akatangaza mtaa mzima usikie kwamba baba yake anamletea gitaa jipya, linang'aa, na nafasi ya Kaka Ekow tayari ni yake.

Nilikuwa naanika nguo. Akaniita kabisa: "Chale, rafiki yangu Ato! Usiniambie na wewe unaitaka! Utapigaje gitaa, wewe ambaye hata kuku ukimfukuza unamwambia tafadhali?"

Ni kweli nilimwambia kuku tafadhali. Alikuwa kuku wa watu.

Nimemweleza Mama. Yeye ni fundi cherehani, na likizo nzima nimekuwa nikipiga pasi na kupeleka magauni kwa wateja (nayaweka mlangoni, nabisha hodi, nakimbia). Pesa hizo, pamoja na zawadi ya mama yangu wa ubatizo, zinatosha gitaa la wastani: si la fahari, si la kuchezea watoto. Mama kakubali kuongezea kidogo kwa sharti moja, niende na Mjomba Kwamena nisije nikaibiwa. Mjomba hukodisha turubai, viti na spika za misibani. Anamjua kila mtu Takoradi, aliye hai na aliyelala.

Nimesoma sana leo kuhusu kuchagua gitaa. Kanuni zimeniingia. Shingo iwe imenyooka. Nyuzi zilale karibu na shingo bila kukwaruza. Vigingi vya kukazia nyuzi vishike, visiteleze. Vile vyuma vya shingoni visikate vidole. Vitufe vya sauti visikorome ukivizungusha. Halafu kanuni kuu kuliko zote, imeandikwa kila mahali: lipige kwanza, ulisikie, ndipo ulipe.

Hiyo ya mwisho nimeiacha. Nikilisikia mimi, watalisikia na wengine.

Jumatano, 9 Agosti

Dukani kwa Madamu Hagan, nyuma ya soko. Anauza vitu vilivyotumika vinavyoshuka na makontena: friji, makochi, viti vya magurudumu, na magitaa.

Nilikwenda peke yangu kupeleleza. Nimevaa miwani myeusi ya Mjomba ili nionekane mzoefu. Nikagonga friji.

Magitaa matatu. La kwanza jeupe, zuri kama bibi harusi. Nikafunga jicho moja nikatazama shingo yake kwa urefu, kama nilivyosoma. Imepinda kama ndizi. Kwaheri, bibi harusi! La pili la kahawia. Limenyooka, vigingi imara, kila kitu sawasawa. Madamu Hagan kasema hilo ndilo gitaa la mtu mwenye akili, bei yake nzuri, na Kaka Ekow mwenyewe alianzia na la namna hiyo. Lakini lilikuwa la kahawia kama meza ya mwalimu mkuu. Nani atamtazama mtu aliyevaa meza?

La tatu!

Lilikuwa kwenye pembe ya mwisho, peke yake, karibu na kabati la nguo lenye kioo. Jekundu. Jekundu la nyanya iliyoiva. Vumbi tele, lakini chini ya vumbi, moto. Shingo imenyooka kama rula. Nyuzi zimelala chini. Vigingi vinashika. Vyuma laini. Na bei yake nusu ya lile la kahawia! Nusu!

Nililishusha mwenyewe, nikalivaa kama ninavyovaa ufagio, nikajitazama kwenye kioo. Yule aliyekuwa kwenye kioo alikuwa mpiga gitaa. Alikuwa sawasawa na wale wa kwenye televisheni, mkono kwa mkono. Nilitaka kumwomba sahihi yake.

Madamu Hagan aliacha kufuta friji, akapiga makofi. Kasema, eee, kumbe ndiye wewe! Gitaa hili limekaa hapa siku nyingi, watu wanalishika na kulirudisha, wanalishika na kulirudisha, na leo mwenyewe amekuja, kalivaa bila hata kufundishwa!

Nikajua ni kipaji. Kinaonekana hata na wageni.

Kisha akaniambia nichomeke waya nipige kidogo, asikie. Dukani mlikuwa na mama mmoja akijaribu kochi, na vijana wawili wakibeba kabati. Wote wakanigeukia. Nikamwambia nilikuja kuangalia uzito tu. Nikatoka. Nimesahau miwani.

Ijumaa, 11 Agosti

Ni langu!

Mpango ulikuwa hivi. Mimi najifanya silitaki. Mjomba Kwamena anajadili bei. Mambo yakiwa magumu, nakohoa, Mjomba anatoka nje kwa hasira, Madamu Hagan anaogopa, anapunguza. Tuliufanyia mazoezi sebuleni. Mama alicheza Madamu Hagan, na alicheza vizuri mno: hakupunguza hata kidogo.

Tulipofika tu, Mjomba kabla hata ya salamu kumalizika akasema: "Dada yangu, msaidie kijana huyu, hajala tangu Jumatano! Anaota hilo gitaa lako jekundu, usingizini analiita mpenzi!"

Uongo! Nilikula. Nilikula kenki ya mahindi na samaki, na nikaongeza.

Nikavuta pumzi nimkanye, vumbi likaniingia, nikakohoa. Mjomba, mtu wa kufuata maagizo, akatoka nje kwa hasira. Hakurudi. Nje kulikuwa na muuza waakye, wali wa maharage.

Nikabaki mimi na Madamu Hagan. Kataja bei. Nikatafuta la kusema katika lugha zote mbili. Hakuna. Nikatazama sakafu. Akashusha bei. Nikaendelea kutazama sakafu, si kwa ujanja, kwa hofu. Akashusha tena. Kasema, jamani, mtoto mgumu huyu, amefundishwa na nani! Jasho likaanza kunidondoka. Akaongeza mkanda bure. Nikapangusa uso. Akaongeza waya bure, akanirudishia na miwani ya Mjomba, akasema basi, basi, usiniue.

Alipolifunga kwenye gunia aliniambia amefurahi mno, kwa sababu mtu kama mimi haji kila siku. Nimekumbuka maneno hayo njia nzima. Mtu kama mimi!

Mjomba alikuja na mdomo wenye mafuta, akauliza kama mpango umefaulu. Nikamwambia umefaulu kama tulivyopanga.

Jumapili, 13 Agosti

Nimelipiga. Nimelisikia. Dunia imelisikia.

Nilichomeka kwenye spika ndogo ya Mjomba, ile ya misiba midogo. Nilidhani ndogo maana yake ni ndogo. Nikagusa uzi mmoja, mmoja tu, na majirani wanne wakaja wamevaa nguo nyeusi kuuliza nani ametutoka. Mama akawapa maji ya kunywa. Mmoja alikuwa amekuja na bahasha ya rambirambi. Alirudi nayo taratibu, kama mtu aliyevunjwa moyo.

Tangu Ijumaa vidole vinawaka moto. Najifunza kutoka kwenye simu: naisimamisha mbele yangu, mwalimu anapiga, nami namfuata kama kivuli. Napata! Nina midundo mitatu ya haraka ya kuchezea, na njia ya kutoka mmoja kwenda mwingine bila kuanguka. Mkono wa kulia ndio unaofanya kazi ngumu ya shingoni, ya heshima na akili, na wa kushoto unakwangua tu, kazi ya kibarua. Nimeona hekima kubwa katika hilo. Waliotengeneza magitaa walikuwa watu wenye adabu.

La Jojo nalo limefika. Nimelisikia kupitia ukutani. Linang'aa hadi unalisikia liking'aa. Lakini kila akipiga, sauti inateleza kwenda chini, kama mbuzi anayeanguka kisimani polepole. Vigingi havishiki! Hakuvijaribu! Nimecheka ndani ya mto. Kununua gitaa bila kufuata kanuni, kweli kuna watu!

Jojo kapanda pipa, kaniuliza kwa sauti yake ile kama nami nilikuwa napiga gitaa au nilikuwa nahamisha masufuria. Mlango ulikuwa umefungwa, pazia limeshushwa. Hakuna aliyeniona nikipiga, wala hataniona hadi Jumatano. Nitaingia ghafla, kama radi.

Jumatano, 16 Agosti

Nataka kufa, lakini Mjomba atatumia msiba wangu kutangaza turubai.

Mazoezi yalianza vizuri. Jojo alitangulia. Gitaa lake likaangukia kisimani mara mbili, na Mzee Bentsil akashika masikio, akamwomba apumzike. Kisha akaniita mimi. Nikavaa langu. Nikafunga macho ili wasiwepo. Nikapiga.

Lililia! Safi, jembamba, tamu, ukutani likagonga likarudi. Nikasikia ngoma ikinifuata. Nikasikia sauti ya Ekua Baaba ikisema eeei, ya mshangao mzuri. Nilikuwa naelea. Kisha ngoma ikanyamaza. Waimbaji wakanyamaza. Nikafumbua macho.

Mzee Bentsil alikuwa ananitazama mkono.

"Ato," alisema polepole, "mwanangu. Huo ni mkono gani?"

Nikautazama. Wa kushoto. Tangu lini?

Kaniuliza nyumbani kwetu nakula kwa mkono gani. Nikaonyesha. Nasalimia wazee kwa upi. Nikaonyesha. Basi imekuwaje nimekuja kumpungia Mungu kwa huu mwingine, tena siku ya Mavuno, mbele ya wazee wa kanisa na wageni kutoka Sekondi? Jojo alikuwa amelala chini kwa kucheka. Kasema nikimaliza kupiga niwamegee na wali kwa huo huo.

Nikasema, kwa sauti ambayo nadhani mende waliisikia, kwamba kwenye televisheni wote wanapiga hivi. Ekua Baaba akasimama mbele yangu, akajifanya ameshika gitaa, tukatazamana. Akauliza kwa upole kama sikuwahi kufikiria kwamba wao wananitazama mimi.

Miaka miwili. Ufagio. Dirisha. Kabati. Kioo! Nimekuwa mtu wa kwenye kioo!

Mzee Bentsil akalichukua gitaa, akaligeuza huku na huku. Kasema ni gitaa zuri sana, zuri kuliko la Ekow, ila limetengenezwa kwa watu wa mkono wa kushoto, ndiyo maana hakuna aliyelitaka. Akanivalisha upande wa kulia. Nyuzi nene zikawa chini, nyembamba juu. Vitufe vikaja kwapani. Nikapiga mara moja, kwapa likazima sauti. Kimya kabisa. Mzee akanivua mwenyewe, kama unavyomvua mtoto shati.

Kasema atawauliza wazee wa kanisa. Akaondoka anatikisa kichwa, lakini nilimwona: vidole vyake vilikuwa bado vinacheza mdundo wangu pajani.

Alhamisi, 17 Agosti

Asubuhi nilirudi kwa Madamu Hagan kubadilisha na lile la kahawia. Limeuzwa. Nikamweleza shida. Yeye akafikiri kwamba nilikuwa namdanganya, kwa sababu alikuwa ameniona kwa macho yake nikilivaa kwa kushoto kama nimezaliwa nalo. Alifurahi sana kwa ajili yangu, alisema, hata alimweleza dada yake kwenye simu kwamba hatimaye kuna mtoto wa Kifante ambaye wazazi hawakumkataza. Nikashindwa kumwambia hapana. Nikamshukuru. Nadhani nimemwahidi kumletea marafiki.

Mchana, Mzee Bentsil kaja na uamuzi wa wazee. Wamebishana sana. Katekista hakutaka. Wengine walisema gitaa la Jojo litafukuza hata walioleta sadaka. Mwisho wamekubaliana: nitapiga. Ila kama mtu yeyote mwenye adabu anayelazimika kutumia mkono wa kushoto, nitaomba radhi kwanza. Mbele ya kanisa lote. Kwa maikrofoni. Jina langu, nyumba yetu, siku niliyozaliwa, sababu, halafu radhi.

Hiyo ni ndefu kuliko aya! Hiyo ni ndefu kuliko aya nyingi!

Nikakimbia kwa Anti Araba, nikamwomba anirudishie aya yangu fupi ya mwaka jana. Kacheka. Kasema nimechelewa, amempa Jojo.

Jumamosi, 19 Agosti

Mipango.

Wa kwanza: kuvaa joho la Babu lenye mikono mipana, mkono wa kushoto usionekane. Nimejaribu. Nyuzi zimeshika joho, nikabaki nimefungwa na gitaa kama mzigo wa posta. Mama alitumia mkasi.

Wa pili: kusimama nyuma ya viazi vikuu. Kila mwaka wanapanga kilima cha viazi vikuu, ndizi na mananasi mbele ya kanisa. Nikiinama kidogo, nitaonekana kama nanasi. Mzee Bentsil kasema nisijaribu.

Wa tatu, huu sasa ndio wenyewe. Mwenye spika ni nani? Mjomba Kwamena. Nimeurekodi ule ujumbe wa kuomba radhi kwenye simu yake, chumbani, chini ya blanketi. Nimerudia mpaka ukawa mtamu, kama mtangazaji wa redio. Kesho nasimama mbele, nashika maikrofoni, nafungua mdomo, Mjomba anabonyeza simu. Ishara: nikikohoa.

Mjomba ameniuliza kama nina uhakika na ishara hiyo. Nimemwambia ilitufaa mara ya kwanza.

Jumapili, 20 Agosti

Naandika, mikono bado inacheza mdundo. Yote miwili.

Kanisa limejaa hadi madirishani. Kofia za akina mama kama bustani. Kilima cha viazi vikuu, sikuruhusiwa kukikaribia. Jojo alisema aya yake kwa sauti kubwa, ikaisha kabla watu hawajageuza shingo, na akapigiwa makofi kana kwamba ameijenga yeye. Kisha Mzee Bentsil akaniita.

Nikasimama. Gitaa kifuani. Maikrofoni mbele. Nikakohoa. Nikafungua mdomo.

Spika kubwa zote mbili zikanguruma kwa sauti ya Mjomba: "MMEFIWA? MSIHANGAIKE! Turubai kwa Kwamena, viti kwa Kwamena, spika kwa Kwamena! Marehemu wenu ataondoka akijivunia!"

Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Mtoto mmoja akauliza mama yake kwa nini Kaka Ato ana sauti ya mzee.

Nilimwona Mjomba kule nyuma akibonyeza simu kama mtu anayeua siafu. Ikaanza tena. "MMEFIWA?" Bibi mmoja akajibu kwamba bado. Kanisa likaanza kutikisika. Kicheko kilianza kwa akina mama, kikapita kwa wazee, kikamfika katekista, na yeye akajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Hata Ekua Baaba alikuwa ameshika mbavu.

Hapo, sijui, kitu kikanikatikia ndani. Wakati watu wamekwisha kucheka hivyo, kuna nini tena cha kuogopa? Nikaikamata maikrofoni.

Nikasema mimi si marehemu. Ni Ato Quaicoe, mtoto wa nyumba ya Quaicoe, karibu na kisima cha zamani, mzaliwa wa Jumamosi. Nikasema nilijifundisha kwa ufagio mbele ya televisheni, nikawa mtu wa kwenye kioo, na gitaa langu ni zuri kwa kila kanuni isipokuwa moja. Sikudharau mtu. Wazee wangu, mama zangu, naomba radhi kwa mkono wa kushoto. Sauti yangu mwenyewe! Ilitoka, ikaenda, ikarudi.

Mbele kabisa alikuwa amekaa Nana Tsetsewa, mzee kuliko wote kanisani. Akaniambia bila maikrofoni na kila mtu akasikia: "Mkono ni mkono, mjukuu wangu. Piga, miguu inaniwasha!"

Nikapiga. Wa Jumatatu wakatoka wanacheza. Wa Jumanne wakatoka wanacheza zaidi kuwakomoa wa Jumatatu. Wa Jumatano, Nana Tsetsewa mbele yao, amenyanyua leso yake juu akiipunga. Kwa mkono wa kushoto. Alimtazama katekista usoni wakati akipita. Katekista aliangalia dari. Ilipofika zamu ya Jumamosi, watu wangu, nililiachia gitaa likapiga kelele, na Mzee Bentsil mwenyewe, ambaye si wa Jumamosi, akacheza na sisi hadi mezani.

Baadaye, nje, Ekua Baaba kaja. Kasema hakujua kwamba nina sauti nzuri hivyo. Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Nilikuwa tayari. Nikamwambia naomba radhi kwa mkono wa kushoto.

Kacheka. Kasema nimesamehewa, na tutaonana mazoezini.

Jumatatu, 21 Agosti

Balaa!

Mzee Bentsil kaja asubuhi, uso unang'aa. Nafasi ya gitaa ni yangu, wazee wamekubali, hata kuomba radhi hakuhitajiki tena. Nikaanza kuruka. Kanikamata bega. Kasema lakini Mungu hakunifungua mikono tu, amenifungua na mdomo, na kanisa zima limependa nilivyosema. Kwa hiyo kuanzia Jumapili ijayo, kabla ya kupiga, nitakaribisha wageni na kusoma matangazo yote. Kila Jumapili. Kwa Kifante, halafu kwa Kiingereza.

Jasho. Jasho lile lile.

Nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Kosa langu liko wapi? Nimeliona. Gitaa linaziba kifua lakini linaacha mdomo wazi! Mtu mwenye gitaa, yeyote anaweza kumwambia sema. Lakini tarumbeta! Nani anaweza kumwambia mtu sema, wakati mdomo wake una tarumbeta?

Nimetoka dukani kwa Madamu Hagan sasa hivi. Analo moja, la dhahabu, limening'inia pale pale karibu na kioo. Bei yake nusu. Anasema watu wanalishika na kulirudisha, wanalishika na kulirudisha. Alitaka kunieleza kuna nini na kile kitufe cha katikati, nikamwambia asisumbuke. Kasema nilipulize kidogo, lakini dukani mlikuwa na watu.

Nimejitazama kwenye kioo nalo. Limenikaa vizuri mno.

Mjomba atanisindikiza Ijumaa. Nikikohoa, anatoka.